Je, Wajua? Akili mnemba hubuni hata wahusika

Mwanafunzi wa wilaya ya Iramba au Manyoni akiiuliza ChatGPT, programu ya akili mnemba iliyotoka Novemba 2022, kuhusu tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, anaweza kupewa mhusika asiyekuwemo, kwa Kiswahili fasaha kabisa. Programu za aina hii hukisia neno linaloelekea kufuata. Pasipo na maandishi ya kutosha, hujaza pengo kwa kubuni. Ngano za Wanyaturu na Wanyiramba, nyingi zikiwa bado midomoni mwa wazee, huathirika sana, na hilo linasikitisha. Jaribu mwenyewe: uliza nani alichoma karatasi za sensa za karani Ngoswe katika tamthiliya hiyo, kisha fungua kitabu. Ni Mzee Mitomingi, babaye Mazoea, mpenzi wa Ngoswe.