Bastola Ndani ya Kasha la Marehemu

Arubaini ya mzee ilipokwisha kusomwa, watoto wake walikaa barazani pale Takaungu, kasha lake likatolewa nje na kufunguliwa mbele ya mashahidi. Ni kasha la msaji lililopigwa njumu za shaba, la tangu zama za majahazi ya Bara Hindi. Mlitoka majoho mawili, hati ya shamba la minazi, vitabu vilivyoliwa na mchwa pembeni, na chini kabisa, ndani ya kitambaa kilicholowa mafuta, bastola.

Habari ya nyumbani ni kwamba babu yao alikuwa tarishi wa D.C. siku za Mwingereza, na Mzungu yule alipokuwa akirejea kwao alimwachia bastola kwa ukumbusho. Mtoto mkubwa hakukawia. Alikwisha sikia kuwa bastola za zamani huuzwa Ulaya kwa mamilioni, basi akatoa shauri: yeye achukue shamba, nduguye achukue bastola, watakuwa sawasawa. Dada yao hakusema neno. Mjane, kwa kuwa yu edani, alikuwa chumbani nyuma ya pazia akisikiliza.

Kesho yake nikaitwa mimi, kwa sababu husoma Kiingereza na vitabu vyangu ni vingi. Mtu wa mashairi kuitwa kutia bei silaha ni kama sonara kuitwa kuvua papa, lakini nilikwenda kwa haki ya ujirani, nikiwa nimekwisha pekua nilivyoweza.

Chombo chenyewe ni Webley, kazi ya mafundi wa Birmingham, ile aina ya sita iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1915. Ina tumbo la kuzunguka lenye vyumba sita vya risasi, na ukiifungua komeo hukunjika katikati kama mguu wa panzi, maganda yakarushwa nje. Maofisa wa Kiingereza waliivaa kiunoni katika vita vya 1914 hadi 1918, vile vilivyopiganwa huku kwetu dhidi ya Wadachi wa Lettow-Vorbeck na kuwamaliza wapagazi wetu wengi mno. Zilitengenezwa kwa malaki. Kwa hiyo jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba kitu hiki ni cha zamani, lakini si cha nadra.

Wajuzi wa biashara hii huanza na ngozi ya chuma. Wanataka rangi ile ile ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa, kuliko mng'aro mpya. Nilipoishika bastola ile niliiona inameta kama kijiko cha harusi. Kumbe mtoto mdogo, kwa pupa ya kusaidia, alikesha akiipiga msasa! Usiku mmoja ulitosha kuondoa sehemu kubwa ya bei ambayo miaka mia moja ya chumvi ya bahari haikuiondoa. Kisha hutazamwa kama tumbo limeguswa, kwa maana nyingi za aina hii zilizopelekwa Marekani baada ya vita vya pili zilichongwa nyuma ya tumbo ili zipokee risasi za kule, nazo hushuka thamani. Hii haikuchongwa. Mwisho husomwa alama. Ipo alama ya mshale, ambayo maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Silaha ikiuzwa kwa halali kutoka jeshini, ilikuwa desturi kupigwa mshale wa pili, ncha ikielekea ncha. Hapa nilitafuta kwa miwani na kwa kurunzi, mshale ulikuwa mmoja tu.

Mshale mmoja hauthibitishi wizi, maana silaha nyingi zilitoka bila ya kupigwa wa pili. Lakini nao hauthibitishi zawadi. Nikauliza: iko barua ya huyo D.C.? Picha? Hata jina lake? Hakuna.

Na hapo ndipo penye mamilioni aliyoyasikia mtoto mkubwa. Mwaka 1873, mjini Brussels, mshairi wa Kifaransa Paul Verlaine alinunua bastola ndogo ya vyumba sita kwa faranga 23, siku ile ile akampiga nayo mshairi mwenzake Arthur Rimbaud, akamjeruhi kiwiko cha mkono, akafungwa miaka miwili. (Rimbaud baadaye aliacha ushairi akaja upande wetu huu wa Afrika, akaishi Harar, akampelekea Menelik shehena ya bunduki, na Menelik akamshinda kwa kupatana bei.) Bastola ile ya faranga 23 ilinadiwa Paris mwaka 2016 ikafika euro 434,500. Chuma chake hakikuzidi chuma cha wenziwe. Kilicholipwa ni kisa kilichoandikwa na mahakama. Kisa cha tarishi wetu kimeandikwa wapi? Bila ya kisa, Webley kama hii huko Marekani ni mamia ya dola, na iliyo safi na hati zake ndiyo huenda ikapita elfu. Iliyopigwa msasa huwa chini kabisa.

Tena hizo ni bei za Marekani. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutoa cheti kwa mtu kwa jina lake. Hakirithiwi kama shamba. Nyumba ile haikuwa na cheti cha mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Hakuna awezaye kuinunua kwa halali kwa mtu asiye na ruhusa ya kuwa nayo, na kuificha ni kutafuta jela. Waliposikia haya, mdogo alitaka kuitia mfukoni aipeleke Kilifi kwa matatu. Nikamzuia. Silaha kama hii huachwa pale ilipo, wakaitwa polisi.

Mwalimu wangu wa fiqhi alitufundisha kuwa kinachogawiwa ni milki ya marehemu, baada ya mazishi, madeni na wasia, na bei ni ile inayopatikana sokoni siku ya kugawa. Basi bastola hii, isiyo na dalili ya milki wala soko la halali, itasawazishwaje na minazi? Mke ana thumni, na kinachobaki mwanamume hupata sehemu za wawili wa kike. Ukiifanya mali mafungu 40, mjane 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Shauri la kaka mkubwa lilikuwa linawafuta nduguye na dada yake kwa pamoja, ingawa sidhani alikusudia.

Zingatia kwamba lingekuwa gumegume hali ingekuwa nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ndiyo maana silaha za wazee wa mwambao nyingi ni za kushindilia. Na sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu kuwa ni cha kale kila kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Hakitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Mwaka huo ndio vilivyoanza vita vya Mazrui, papa hapa Takaungu, kwa ugomvi wa nani akae kitini baada ya kufa Salim bin Khamis. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia kati, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwa Wadachi asirudi tena.

Polisi walikuja alasiri, wakaichukua, wakaacha karatasi yenye mhuri. Mwandishi wa orodha akapiga mstari: bastola moja, bei hakuna. Kaka mkubwa akakubali shamba lipimwe kwa mafungu. Tulikuwa tunatafuta viatu vyetu sauti ya mjane iliposikika nyuma ya pazia.

"Na kasha, mmelitia bei gani?"

Tukatazamana. Katika orodha halimo. Wajukuu wawili walikuwa wamelikalia wakila maembe.