Milango ya Stesheni ya Kitale

Katika likizo ya Agosti tulipokea ujumbe kutoka kwa jamaa zetu wa Bungoma, wakitutaka twende tukamwase ami yetu. Tangu kufiwa na mkewe, ulisema ujumbe ule, mzee ameacha kukaa barazani, hujibu salamu kwa kifupi, na kutwa nzima yumo ndani ya stoo akicheza na treni za makopo. Mtu aliyepita miaka sabini na mitano! Walioandika walitumai kwamba sisi, kwa kuwa husimama juu ya mimbari, tungekuwa na neno la kumtoa humo.

Kumwasa mtu aliyekubeba mgongoni utotoni si jambo jepesi. Tuliabiri treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi, tukaunganisha na basi la usiku, na njia nzima tukawa twatunga nasaha na kuzifumua. Asubuhi tulipobisha hodi, mzee alitoka mwenyewe. Tukambusu mkono, akatuuliza hali za watoto mmoja mmoja kwa majina yao, kisha kabla hata chai haijaletwa akatushika mkono akatupeleka stoo.

Mlikuwa na meza tatu za mbao zilizoungwa, na juu yake reli. Mzee aliunganisha nyaya mbili na betri ya bodaboda, ambayo ni ya volti 12, sawa na zinavyotaka treni hizi, na kwa hivyo hasumbuliwi na stima kukatika. Kichwa kikatoka polepole, kikavuta mabehewa manne yaliyokatwa kwenye makopo ya majani ya chai, kikapita Webuye, kikaingia Bungoma.

Ami yetu alianza kazi zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akiwa mtia moto katika vile vichwa vikubwa vya daraja la 59. Wasomaji wetu vijana hawakuviona. Vilikuwa 34, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Urefu wake ni karibu mita 32, uzito wake tani 252, na hapakuwa na kichwa cha mvuke kilichovishinda kwa ukubwa katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Havikula makaa bali mafuta mazito, na kazi yao kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Anayetaka kukiona kimoja ampeleke mwanawe Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu. Mount Gelai, nambari 5918, imesimama pale. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, mzee alihamishiwa njia ya magharibi akaendesha dizeli, akaoa Bungoma, na huko ndiko alikostaafia.

Msomaji asiyeyajua mambo haya, kama tulivyokuwa sisi, huenda akadhani treni ndogo ni treni ndogo tu. Sivyo. Kila treni ya mfano ina kipimo chake, na kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO, yaani 1 kwa 87: milimita 87 za kitu cha kweli huwa milimita moja. Chini yake kuna N, 1 kwa 160, ambayo njia yake ina upana wa milimita 9, na chini zaidi kuna Z ya Märklin, 1 kwa 220, ambayo kichwa chake waweza kukificha ndani ya ngumi. Juu yake kuna O, yenye njia ya milimita 32. Waingereza huihesabu kwa 43.5, Wajerumani kwa 45 na Wamarekani kwa 48, na hilo peke yake lingetosha kuwagombanisha. Kisha kuna zile kubwa za bustanini, zinazokwenda juu ya njia ya milimita 45.

Hapo ndipo mzee alipotuweka juu ya kigoda akatutaka tufanye hesabu. Reli ya kawaida ya Ulaya ina upana wa milimita 1,435. Igawe kwa 87, utapata 16.5, nao ndio upana wa njia ya HO. SGR yetu, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ina upana huohuo wa 1,435. Lakini reli ya zamani, hii iliyopita Bungoma kwenda Malaba na Kampala, ni ya mita moja kamili. Igawe kwa 87, utapata milimita 11 na nusu. Kwa hivyo mtu anunuaye sanduku la HO dukani amenunua SGR. Hakununua reli ya babu zake.

Wako watengenezao njia ya milimita 12 kwa ajili ya reli za mita moja, kama zile za milima ya Uswisi, ila bei yake si ya pensheni. Ile ya bustanini ya milimita 45 ingefaa zaidi, kwani kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 mita moja huwa milimita 44 na kitu. Lakini kichwa cha daraja la 59 kingekuwa na urefu wa mita moja na sentimita arubaini, na stoo yenyewe haizidi mita nne. Basi mzee akaigeuza hesabu. Mwanawe aliyeko Uingereza alikuwa amemletea magurudumu na reli za mtumba za milimita 16.5. Mzee akagawa 1,000 kwa 16.5, akapata 60 na sehemu, akaamua kwamba kipimo chake yeye kitakuwa 1 kwa 60, na kila kitu juu ya meza ile, kuanzia mataruma hadi tangi la maji, akakijenga kwa kugawa kwa 60. Kichwa chake cha 59 kina sentimita 53. Tulikipima kwa shubiri tusiamini macho yetu.

Twakiri kwamba nasaha tulizotunga ndani ya basi zilianza kutuponyoka. Israfu? Makopo ni ya jikoni, mbao ni masalio ya seremala jirani. Sala? Adhana ya adhuhuri ilipoanza, mzee alichomoa waya wa betri kabla sisi hatujavua miwani. Likabaki suala la sanamu, maana kwenye majukwaa palikuwa na watu, vijiti vya kiberiti vilivyovishwa vitambaa, bila macho wala mdomo. Kwa vichezeo vya watoto wanazuoni wengi wameruhusu. Kwa mtu mzima maneno ni marefu zaidi. Tulikuwa twafungua kinywa kuyaanza tulipomwona mmoja wa watu wale, mwanamke wa buibui jeusi amesimama peke yake mwisho wa jukwaa la Bungoma, na mkononi ana kikapu cha ukili kisichozidi punje ya mchele. Mkaza ami yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa miaka yote ya kazi ya mumewe alikuwa akimpelekea chakula stesheni treni ilipopita. Tukafunga kinywa.

“Nikikaa barazani kila mtu hunipa pole,” mzee alisema, macho yake yako kwenye reli. “Humu hakuna anipaye pole.”

Kilichotushangaza zaidi ni kwamba njia ile haikuishia Bungoma. Upande wa pili wa meza palikuwa na Leseru, na kutoka Leseru tawi moja lilikwenda hadi ukingoni mwa mbao likakatika hewani. Anayeijua ramani atafahamu. Kwa barabara, Bungoma na Kitale ni majirani; ukipita Webuye na Kiminini umefika. Kwa reli, mtu wa Bungoma aliyetaka kwenda Kitale alilazimika kurudi nyuma mashariki hadi Leseru, karibu na Eldoret, ndipo ashike tawi la Soy na Moi’s Bridge, lililofika Kitale mwaka 1926. Tawi lile lilikuwa likimngoja mjukuu. Binti wa mzee ameolewa Kitale, na mwanawe wa miaka kumi na mmoja alikuwa akijenga kipande cha mwisho huko nyumbani kwao.

Wazo hilo lilitoka kwa yule mwana wa Uingereza. Huko, hasa miezi ya baridi, siku za Jumamosi, vyama vya wapenda treni hukodi kumbi za shule na za mitaa wakaonyesha kazi zao, na yeye huwapeleka watoto. Ametueleza mengi kwa simu, nasi twayaandika kwa ajili ya jamaa zetu wa pwani waishio ughaibuni na watafutao pa kwenda na wana siku ya mvua. Ni vyema kwenda asubuhi, kwani ifikapo adhuhuri ukumbi hubanana na kigari cha mtoto hakipiti. Kuna kizuizi mbele ya kila meza, na mtoto asiguse kitu bila kuuliza. Aghalabu huwekwa vigoda ili wafupi wapate kuona. Wenye treni husimama nyuma ya meza, wengi wao ni wazee, na hakuna kinachowafurahisha kama kuulizwa swali. Mkewe alikuwa na haya siku ya kwanza, buibui lake likiwa la pekee ukumbini, hata mzee mmoja alipompa mwanawe usukani wa treni akaanza kumsimulia habari za mjukuu wake mwenyewe. Mwisho wa ukumbi kuna meza za mtumba, na penye meza hizo mara nyingi huwa na kipande cha reli cha kujaribia: usilipe kabla hujaona kichwa kinatembea.

Katika baadhi ya maonyesho hayo kila mtu huja na meza yake, kisha zikaungwa zikawa njia moja ndefu. Sharti ni kukubaliana juu ya ncha tu: kimo kutoka sakafuni, na mahali reli inapotokea ukingoni. Katikati kila mmoja ana uhuru wake. Babu na mjukuu wakaafikiana hivyo kwa simu. Kimo sentimita 90, upana wa ubao sentimita 60, reli katikati.

Tulitumwa Kitale kuwaleta. Tulimkuta dada yetu, yaani binti wa mzee, amefunga stesheni ya kadibodi ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Usiku kucha alikuwa akimsaidia mwanawe kubandika mabati ya paa. Ubao ukapandishwa juu ya matatu, stesheni ikawekwa magotini petu, na kijana hakuondoa mkono wake juu yake hadi Bungoma. “Mjomba, polepole,” alikuwa akituambia kila penye tuta, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tukiendesha.

Mbao ziliungana vizuri. Reli zilikutana bila pengo la ukucha. Treni ikatoka Bungoma, ikazunguka Leseru, ikashika tawi, ikaingia Kitale kwa mara ya kwanza, na waliokuja kutazama, wakiwemo walewale waliotuandikia, wakapiga makofi. Ndipo mzee akawachukua abiria wake akawasimamisha mbele ya stesheni mpya.

Kimya kikatanda. Kijana alikuwa amejenga kwa kipimo kilichoandikwa juu ya sanduku la reli, 1 kwa 87, na mlango wake ulikuwa na kimo cha milimita 24. Abiria wa babu yake walikuwa na milimita 27 na 28. Hakuna aliyeweza kuingia bila kuinama. Walikuwa wameafikiana juu ya kila jambo, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe habari ya kipimo.

Mzee, ambaye maisha yake yote hakuvumilia kosa la reli, alisema stesheni itolewe. Kijana akasema watu ndio watolewe, yeye amefuata maandishi. Alikuwa na haki. Na babu yake alikuwa na haki. Na sisi, tulioletwa kwa ajili ya nasaha, tulikuwa hatuna hata moja. Tulijaribu kusema kwamba stesheni iwekwe nyuma kabisa, ionekane kama iko mbali, kwani tulisikia mafundi wa Ulaya hufanya hivyo kwa kuweka nyumba za kipimo kidogo mwisho wa meza. Kijana akajibu machozi yakimlenga: “Basi treni haitafika.” Na ni kweli, treni ya abiria haijafika Kitale kwa miaka mingi, hata juu ya meza tulitaka kumnyima.

Dada yetu ndiye aliyenyoosha mkono. Alimchukua yule mwanamke wa buibui, akamtazama sana, hasa kile kikapu. Nadhani hakuwa ameambiwa. Akamsimamisha mlangoni mwa stesheni aliyoikesha kuijenga.

“Bibi ataingiaje?” akamwuliza mwanawe.

Kijana alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Akaitoa stesheni mwenyewe, akaigeuza, akakaa chini na rula na kalamu. Mlango wa kweli una mita mbili na sentimita kumi, alinong’ona; gawa kwa 60; milimita 35. Babu yake akaketi sakafuni kando yake, magoti yakilia, akaanza kumkatia kadibodi. Waliotuandikia wakatuangalia sisi, nasi tukaangalia dirishani.

Kazi haikumalizika siku ile. Wameazimia kuiweka njia nzima hadharani likizo ya Desemba, barazani, mahali ambapo mzee alikuwa hakai tena, na watoto wa mtaa watakaribishwa. Wakati tunaaga, kijana alitukimbilia na utepe wa kushonea wa mamake, akatutaka tusimame wima mbele ya ukuta.

“Sentimita mia moja na sabini na nne,” akasema akiandika. “Milimita 29. Mjomba, nipime na kilemba?”