Uzi wa Cherehani na Somo Lake kwa Mkulima

Bwana mkulima, nawe mama wa shamba, tazama nguo uliyovaa. Vuta kidogo mahali vipande viwili viliposhonwa pamoja. Uzi ulioko hapo ni mwembamba, na thamani yake ni ndogo sana. Lakini uzi ule ukikatika, shati si shati tena, ni vitambaa tu.

Iko kampuni moja ya Uingereza iliyopata utajiri mkubwa kwa kitu hicho kidogo. Jina lake ni J. & P. Coats, na kwao ni mji wa Paisley, katika nchi ya Scotland. Habari zake zafaa kusomwa na kila mwenye shamba katika skimu zetu, kuanzia Molo hadi Ol Kalou. Utaona sababu yake mwishoni.

SHIDA ILIYOZAA KAZI

Zamani watu wa Paisley walikuwa wafumaji, na shali zao zilisifiwa sana. Katika mji huo ukoo wa Clark uliuza vifaa vya mitambo ya kufumia. Kimoja kilikuwa ni nyuzi za hariri zinazoinua na kushusha mtande mfumaji anapofanya kazi.

Mwaka 1806 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipiga marufuku biashara kati ya Uingereza na nchi za Ulaya alizozishika. Hariri ikaadimika. Patrick Clark hakukaa akilia. Alichukua pamba, akaisokota na kuisokota tena mpaka akapata uzi laini na imara uliofanya kazi ya hariri. Baadaye ukoo huo ukaona kwamba uzi ule wafaa kwa kushonea nguo pia. Mwaka 1812 wakajenga kiwanda.

James Clark alikuwa na desturi nzuri ya biashara. Mteja akitaka, alizungushiwa uzi wake kwenye kijiti, akalipa nusu peni zaidi. Uzi ukiisha, alirudisha kijiti kitupu, naye akarudishiwa nusu peni yake. Ikiwa umewahi kurudisha chupa tupu ya soda dukani, wafahamu maana yake. Mteja alirudi palepale, na aliporudi alinunua tena.

WASHINDANI WAUNGANA

Mwaka 1826 mtu mwingine wa Paisley, James Coats, alijenga kiwanda chake mahali paitwapo Ferguslie. Mwaka 1830 aliwaachia kazi wanawe James na Peter, na herufi za majina yao ndizo hizo J. na P. Tangu hapo koo hizo mbili zikashindana katika mji mmoja.

Kuanzia miaka ya 1850 cherehani zilienea, na uzi ukahitajiwa kuliko zamani. Lakini sindano ya cherehani huenda mbio, na uzi dhaifu hukatika. Basi watengenezaji wakasokota nyuzi ndogo sita pamoja kuwa uzi mmoja, wenye nguvu na usio na mafundo. Marekani ilipopandisha ushuru wa bidhaa za nje, Coats hawakuliacha soko lile. Walianza kutengeneza uzi hukohuko Marekani, katika mji wa Pawtucket.

Mwaka 1896 Coats na Clark wakaungana. Kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914, kampuni hiyo ilihesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani. Maelfu ya watu wa Paisley, wengi wao wanawake, waliishi kwa mishahara yake.

PAMBA ILIPITA NAKURU

Nasi katika Bonde la Ufa hatukuwa mbali na biashara hiyo ya pamba. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1903 mbegu za pamba ziligawiwa wakulima wa Uganda, na baadaye marobota yao yalivushwa ziwani kwa meli mpaka Kisumu, yakapanda gari la moshi, yakapita Nakuru kwenda Mombasa na Uingereza. Kwa njia hiyohiyo vitambaa na nyuzi vilirudi kuuzwa madukani. Pamba ilitoka hapa ikiwa rahisi, ikarudi ikiwa ghali. Faida kubwa ilibaki kwa yule aliyeisokota.

KILICHOWAPATA PAISLEY

Lakini ukubwa si kinga. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, walivumbua poliesta, uzi usiotoka shambani bali katika kemikali. Ni imara na hauozi upesi. Pamba ilikuwa imechukua nafasi ya hariri. Sasa poliesta ikachukua nafasi ya pamba. Tena kazi ya kushona nguo ilihamia Asia, ambako mishahara ni midogo, na kazi ya uzi ikaifuata. Mwaka 1993 utengenezaji wa uzi ulikwisha Paisley. Kiwanda kimoja kikubwa kimegeuzwa kuwa nyumba za watu kukaa.

Kampuni yenyewe haikufa. Ilibadilika, ikashika poliesta, nayo huuza uzi na zipu duniani kote. Waliobaki mikono mitupu ni wafanyakazi wa mji ule uliotegemea kazi moja.

NA WEWE JE?

Mkulima, jambo hili si geni kwetu. Wazee waliopewa mashamba katika skimu tangu mwaka 1962 wengi walilipa ada za shule kwa maua ya pareto, yaliyopelekwa kiwandani Nakuru. Mwaka 1973 wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza dawa ya permethrin, inayofanana na ile ya pareto lakini haihitaji shamba. Soko likapata mshindani. Baadaye malipo yalichelewa, na katika miaka ya 2000 wengi waling'oa mimea yao. Leo wako wanaoipanda tena, na ni vizuri. Lakini wapande wakijua.

Basi shika mambo matatu. Kwanza, usiweke ekari zako zote katika zao moja. Uwe na ng'ombe wa maziwa, viazi au mahindi pembeni. Pili, katika mkutano wa chama chako cha ushirika, usiulize bei peke yake. Uliza pia: mnunuzi ni nani, mali yetu huenda wapi, na ni kitu gani kinachoweza kuchukua nafasi yake? Tatu, leta mali safi. Maua yaliyokaushwa vizuri, kama uzi usio na mafundo, humrudisha mnunuzi.

Siku utakapomwona fundi akitia uzi kwenye tundu la sindano, kumbuka mji wa Paisley. Uzi mmoja uliujenga, na uzi huohuo ulipohama, mji ulibaki na majengo.