Je, Wajua? Jani linaweza kuongezewa kasi kwa kaboni

Mwaka 2014, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichukua bomba la sindano na kusukuma maji yenye mirija ya kaboni upande wa chini wa majani, kupitia vitundu vya kupumulia. Unywele mmoja una unene wa maelfu ya mirija hiyo! Ikapenya hadi kwenye kloroplasti, vile vichembe vya kijani vinavyonasa mwanga, na mtiririko wa elektroni majanini ukapanda kwa takriban asilimia 30.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, mbegu za nyanya zilizowekewa mirija ya aina hii huko Arkansas zilifyonza maji zaidi na kuota upesi.

Mkulima asikimbilie dukani, lakini. Kasi ya elektroni haijazi gunia, na kipimo kikizidi, mirija hiyohiyo inaweza kuudumaza mmea.