Ripita ya Biashara Kufanya Kazi ya Ridhaa

Sauti ya redio ndogo ya mkononi haivuki mlima. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, na kilima kikiyazuia hukomea hapo. Kwa hiyo juu ya kilele huwekwa mtambo uitwao ripita, ambao husikia neno kwa masafa fulani, na papo hapo hulitoa tena kwa masafa mengine, kwa nguvu zaidi.

Huko Marekani, polisi na makampuni walikuwa na ripita nyingi, mfano wa MASTR II ya General Electric, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970. Kisha serikali iliamuru kwamba ifikapo tarehe 1 Januari 2013, wenye leseni za megahezi 150 hadi 174 wawe wamepunguza upana wa mawimbi yao. Mitambo ya zamani isiyoweza hayo ikawekwa kando. Lakini watu wa redio ya ridhaa, yaani wenye leseni wazungumzao kwa kupenda elimu wala si kwa malipo, hawakufungwa na amri hiyo. Basi mitambo hiyo yawafaa.

Ili kuigeuza, kwanza hubadili kristali ziwekazo masafa, maana yao ni megahezi 144 hadi 148. Kisha hurekebisha koili za kupokea na za kutoa. Tena mtambo hupewa kifaa cha kutaja jina lake la leseni kwa alama za Morse, walau kila dakika 10 za kazi, kama sheria itakavyo.

Ila lililo gumu ni kusikia huku unasema. Ripita hupokea, tuseme, kwa megahezi 146.34 na kutoa kwa 146.94, tofauti ni kilohezi 600 tu. Kinywa chapiga kelele kando ya sikio! Dawa yake ni mitungi ya madini iliyopimwa kwa uangalifu, ipitishayo masafa moja na kuzuia mengine. Nayo hujaribiwa hivi: sikiliza sauti dhaifu, kisha washa upande wa kutoa. Sauti ikififia, kazi haijaisha.

Tusidhani huu ni mchezo. Mwezi wa Agosti 2005, tufani ya Katrina ilipokata simu, watu wa ridhaa walipeleka habari za walionaswa na maji. Siku kama hiyo, mtambo wenye sauti kuu lakini kiziwi hauokoi mtu.