Simu Jina Moja, Lakini Shambani Haishiki

Vijana wangu, leo tuache mbolea kidogo tuongee simu.

Msimu uliopita nilikuwa kwa mkulima mmoja, shamba liko bondeni. Kreti 40 za nyanya zilikuwa zimepangwa chini ya mti. Mnunuzi wa Nairobi aliomba picha kabla ya kutuma gari. Kijana akapiga picha, akatuma, kale kaduara kakaanza kuzunguka. Picha zilipofika, mnunuzi alikuwa ameshapakia kwa mtu mwingine. Zile nyanya zilienda kwa broka, bei ya kutupa.

Cha kushangaza, mimi nina simu ya jina lilelile, na laini ya mtandao uleule. Yangu ilionyesha 4G, yake E. Tukabadilishana laini. Yangu bado 4G, yake bado E. Kumbe mtandao haukuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye simu.

Kampuni za simu hutengeneza matoleo tofauti ya simu moja kwa masoko tofauti. Kwa macho ni pacha, lakini ndani modemu na antena hazishiki bendi zilezile. Hapa Kenya, 4G ya Safaricom hutumia megahezi 800, yaani bendi ya 20, na megahezi 1800, bendi ya 3. Masafa ya chini kama 800 hufika mbali na hupenya miti na kuta vizuri zaidi. Ndiyo yanayomfaa mtu wa shamba. Simu nyingi za soko la China na India hazikuwekewa bendi ya 20 kwa sababu huko haitumiki.

Na hapa ndipo wengi hunaswa. Dukani mjini, karibu na mnara, simu hiyo hushika 4G safi kwa bendi ya 3. Ukifika shambani inarudi 2G. Kupiga simu na M-Pesa vinaendelea kama kawaida, kwa hivyo unalaumu mtandao mwaka mzima.

Kabla hujatoa pesa, fanya hivi:

1. Fungua mipangilio, ingia "Kuhusu simu", usome namba ya modeli. Usitosheke na jina lililo kwenye boksi.
2. Tafuta namba hiyo GSMArena, uone orodha ya bendi za 4G za toleo hilohilo. Unataka 3 na 20 zote.
3. Hakikisha nafasi za laini. iPhone 14 ya soko la Marekani, kwa mfano, haina kabisa pa kuweka kadi ya laini.
4. Kubaliana na muuzaji, kwa maandishi, kwamba unaweza kuirudisha. Kisha ukaijaribu pale unapopakia mazao, si mjini.

Kama tayari umenunua isiyofaa, kusasisha programu hakutaongeza kifaa ambacho hakikuwekwa ndani. Tumia hotspot ya simu nyingine inayoshika 4G, au panda juu utume picha mapema, kabla mnunuzi hajauliza.

Huwezi kununua mbegu kwa kuangalia picha ya pakiti tu. Unasoma aina yake na inafaa wapi. Simu ya biashara ni vivyo hivyo.