Lubumbashi: Viraka vya programu vipo, lakini ruta na kompyuta za zamani hazivipati

LUBUMBASHI – Katika saiba, maduka, shule na ofisi nyingi za mji huu, intaneti ya kila siku inategemea vifaa vilivyonunuliwa miaka mingi iliyopita: ruta ndogo iliyofungwa ukutani, kompyuta ya Windows 7 iliyoingia nchini ikiwa imekwisha kutumika kwingine, seva ya kuhifadhi faili ambayo hakuna tena anayekumbuka neno lake la siri. Vifaa hivyo vinafanya kazi, na kwa sababu hiyo hakuna anayevigusa.

Hatari huanzia hapo. Programu zinazoviendesha zina matundu ambayo yamekwisha kujulikana duniani kote, na kwa mengi kati ya hayo kiraka kilitolewa zamani. Kilichobaki ni kukifikisha kiraka hicho mpaka kwenye kifaa, na safari hiyo ni ngumu katika mji ambamo mega hununuliwa kwa kuhesabu na umeme wa SNEL hukatika bila kuaga.

Tangu 14 Oktoba 2025 swali hili limekuwa zito zaidi. Siku hiyo Microsoft ilisimamisha viraka vya bure vya kila mwezi kwa Windows 10. Windows 7 ilikuwa imekwisha kuachwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Wenye Windows 10 majumbani wanaweza kujiandikisha ili waendelee kupata viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kisha basi.

Tundu lisilongoja mtu

Kiraka cha programu ni kama kiraka cha suruali: suruali inabaki ile ile, ila tundu limezibwa. Mtengenezaji akigundua kosa katika programu yake, huandika kipande kidogo cha kulirekebisha na kukitoa kwa watumiaji.

Programu za mtandao zina shida yake ya pekee. Tundu katika programu ya kuandika barua linahitaji mtu afungue faili mbaya. Tundu katika programu ya ruta, au katika ile ya kugawana faili kati ya kompyuta, halihitaji mtu yeyote. Kifaa kikiwa kimewashwa na kimeunganishwa, mashine nyingine inaweza kulitafuta tundu hilo usiku kucha, iwe iko Kampemba au upande mwingine wa dunia.

Mfano uliotikisa dunia ni virusi vya WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika programu yake ya zamani ya kugawana faili, SMB toleo la kwanza. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, WannaCry ilianza kupita katika tundu hilo hilo, ikifunga faili za watu na kudai malipo. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 zilipigwa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani, na viwanda vya Renault nchini Ufaransa vilisimama. Kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba karibu zote ilizoziona zikishikwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inapewa viraka bure.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya ruta. Kampuni ya MikroTik ya Latvia, ambayo vifaa vyake hutumiwa sana na watoaji wadogo wa intaneti barani Afrika, iliziba tundu katika programu yake ya RouterOS mnamo Aprili 2018. Kupitia tundu hilo mtu wa mbali aliweza kusoma faili yenye majina na maneno ya siri ya wasimamizi wa ruta. Kufikia Agosti, wadukuzi walikuwa wamekamata makumi ya maelfu ya ruta ambazo hazijawekewa kiraka, kuanzia Brazil, na kuzitumia kulazimisha kompyuta za watu kuwachimbia sarafu za kidijitali.

Kongo pia ilionyeshwa

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenyewe imepata onyo lake. Majina yote ya intaneti yanayoishia na .cd hutegemea seva chache zinazojibu swali moja: tovuti hii iko wapi? Mwishoni mwa mwaka 2020, jina scpt-network.com, lililobeba mojawapo ya seva hizo, liliachwa likaisha muda wake bila kulipiwa upya. Mtafiti wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliona, akalinunua kabla mtu mbaya hajalichukua, kisha akawajulisha wahusika. Alitangaza jambo hilo Januari 2021. Kwa maelezo yake, mwenye nia mbaya angeweza kuelekeza anakotaka karibu nusu ya maulizo yote ya .cd.

Hapo hapakuwa na virusi wala kirusi. Kilichokosekana ni mtu wa kutunza kitu cha zamani kilichokuwa bado kinatumika, na ugonjwa huo ndio unaozikuta ruta za ukutani.

Kwa nini havifiki

Sababu ya kwanza ni bei ya mega. Kompyuta ya Windows iliyokaa miaka bila viraka inaweza kuhitaji gigabaiti kadhaa kwa mara moja. Saiba yenye kompyuta kumi, kila moja ikivuta viraka vyake peke yake, italipa mara kumi kwa kitu kimoja. Wengi huzima usasishaji ili kuokoa mega, na wakisha kuuzima hawauwashi tena.

Sababu ya pili ni umeme. Ruta inapoandikiwa programu mpya ya ndani, umeme ukikatika katikati ya kazi inaweza kufa kabisa isiwake tena. Fundi aliyewahi kupoteza ruta ya mteja kwa delestaji huogopa kurudia.

Ya tatu haijulikani na wengi: vifaa vya zamani husahau njia ya kufikia viraka vyao vyenyewe. Windows XP haiwezi kufungua tovuti nyingi za leo, kwa kuwa haijui namna mpya ya kufunga mawasiliano kwa siri. Agosti 2020 Microsoft iliondoa kwenye ukurasa wake wa upakuaji faili zilizosainiwa kwa mfumo wa zamani wa SHA-1, na viraka kadhaa vya zamani vikapotea pamoja nazo. Windows 7 nayo hukataa viraka vilivyotoka baada ya katikati ya 2019 mpaka ifundishwe kwanza kusoma saini mpya ya SHA-2.

Kisha kuna wanaotafuta kiraka popote kinapopatikana: kwenye flashi ya rafiki, au kwenye tovuti isiyo na mwenyewe. Hapo mtu anaweza kuingiza mwizi kwa mkono wake akidhani anafunga mlango.

Kupakua mara moja, kugawa kwa wote

Njia inayofaa mji kama Lubumbashi ni ile ya kupakua mara moja, kuhakikisha, halafu kugawa kwa flashi.

Kazi huanza kwa daftari. Andika kila kifaa, namba yake ya modeli, toleo la maunzi lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, na toleo la programu iliyomo. Ruta mbili zenye jina moja lakini matoleo tofauti ya maunzi hazitumii faili moja, na faili isiyo yake inaweza kuiua ruta.

Kisha nenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Kwa Windows, Microsoft ina Update Catalog, ambapo kila kiraka hutafutwa kwa namba yake na kupakuliwa kama faili ya kawaida. Kwa Windows 7 utaratibu ni muhimu: kwanza Service Pack 1, halafu KB4490628, halafu KB4474419 inayofundisha saini mpya, ndipo vingine vifuate. Kiraka kilichozuia WannaCry kwenye Windows 7 ni KB4012212. Kile cha XP, ambacho Microsoft ilikitoa kwa umma wakati wa shambulio lenyewe ingawa XP ilikuwa imekwisha kuachwa, ni KB4012598. Kwa MikroTik, faili huchaguliwa kulingana na aina ya kichakato cha ruta, huvutwa ndani ya orodha ya faili zake, na ruta huwashwa upya.

Kabla ya kugawa, pima alama ya faili. Watengenezaji wengi huandika kando ya faili mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256. Kwenye Windows, amri certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, hutoa alama ya faili uliyo nayo. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hiyo itupwe.

Mwisho ni siku ya kazi yenyewe. Hifadhi kwanza mipangilio ya ruta mahali pengine. Unganisha kwa waya, si kwa Wi-Fi. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, na ruta ipate umeme wa betri au wa sola unaolingana na volti iliyoandikwa juu yake, ili delestaji ikija isikukute katikati. Jaribu kifaa kimoja, kiangalie siku mbili tatu, ndipo uendelee na vingine.

Kiraka hakimfukuzi mwizi

Septemba 2021 kundi la vifaa vilivyotekwa, lililopewa jina Mēris, liliishambulia kampuni ya Yandex ya Urusi kwa maombi karibu milioni 22 kwa sekunde. Vingi vilikuwa ruta za MikroTik. Kampuni hiyo ilieleza kwamba ni ruta zile zile zilizotekwa 2018: baadhi ya wenyewe walikuwa wameweka kiraka, lakini hawakubadilisha maneno ya siri yaliyokwisha kuibwa.

Kwa hiyo, ruta iliyokaa muda mrefu bila kiraka ihesabiwe kuwa imeguswa. Baada ya kuweka kiraka, badilisha maneno yote ya siri, angalia kama kuna mtumiaji usiyemjua au kazi iliyopangwa ambayo hukuipanga, na ufunge mlango wa kuisimamia ruta kutoka nje. Ukiwa na shaka, irudishe katika hali ya kiwandani na uipange upya kwa mkono.

Kisicho na kiraka tena

Vifaa vingine vimeachwa moja kwa moja. Novemba 2024, tundu kubwa lilipotangazwa katika seva ndogo za faili za D-Link kama DNS-320 na DNS-325, kampuni ilijibu kwamba haitatoa kiraka, na kushauri wenyewe wazistaafishe. Mei 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walitoa orodha ya ruta zilizozeeka zinazotekwa na wahalifu ili kuficha nyendo zao. Wengi wa waliotajwa ni wa familia ya Linksys, kama E1200 na E2500.

Baadhi ya ruta hupata maisha ya pili kwa OpenWrt, programu huru iliyozaliwa kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G na inayoendelezwa tangu 2004. Lakini nayo ina mipaka: ruta zenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, ambazo ni nyingi kati ya zile za bei ndogo, hazipati tena matoleo yake mapya.

Kama kifaa hakina kiraka na hakuna fedha za kukibadilisha, kitengwe. Kompyuta ya XP inayoendesha mashine fulani inaweza kubaki bila intaneti kabisa. SMB toleo la kwanza inaweza kuzimwa kwenye Windows 7 na kuendelea. Seva ya faili inaweza kuwekwa nyuma ya ruta iliyo salama, bila mlango wowote kuelekea nje.

Kazi isiyo ya mtu mmoja

Kisheria, nchi imepiga hatua. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, yaani Kodi ya dijitali, inazungumzia uhalifu wa mtandaoni na kuweka wakala wa taifa wa usalama wa mtandao. Lakini hakuna sheria inayoingia dukani Kenya au Katuba kubadilisha programu ya ruta.

Mikono ipo mjini. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na École Supérieure d'Informatique Salama hufundisha vijana wa informatiki kila mwaka. Mji pia una LUBIX, kituo kinachowezesha watoaji wa intaneti kubadilishana data hapa hapa bila kuizungusha nje ya nchi. Nakala ya viraka vya programu huru, kama vya Debian na OpenWrt, ikiwekwa karibu na kituo hicho na kusimamiwa na wanafunzi, ingeokoa mega nyingi, na alama za faili zingekuwa zimekwisha kupimwa na watu wanaojulikana.

Wakati hilo halijafanyika, mwenye saiba ana la kuanza nalo jioni hii bila kununua hata mega moja: ageuze ruta yake, asome modeli na toleo lililoandikwa chini yake, na aviandike kwenye daftari.